Aliyesalimia Madirisha

Eufrazia wa Kasulo, huku Ngara, hakuwa mtu wa kukaa. Wako watu ukiwapa kigoda wanakaa, ukiwapa chai wanakunywa, wakimaliza wanaaga kwa heshima. Eufrazia ukimpa kigoda atakalia ukingo tu, chai ataimeza ikiwa ya moto, na kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani ameshasimama anachungulia barabarani kuona ni gari gani linapita. Mumewe, Matiasi, alikuwa mtu mpole, wa kushinda na migomba yake tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoshwa nayo. Yeye ndiye aliyempa jina la Magurudumu.

“Magurudumu, pumzika basi,” alikuwa akimwambia.

“Nitapumzika nikifa,” alijibu, na huyo, keshafika kwa jirani.

Msimlaumu, kazaliwa hivyo. Akiwa bado msichana alidandia lori la kahawa ili tu akaone Biharamulo pakoje. Aliporudi alikuta fimbo ya baba yake inamsubiri, akachapwa, na kesho yake akawa anawasimulia wenzake habari za boma la Wajerumani kana kwamba hakuguswa. Alizaa wavulana, wakakua, wakarithi miguu yake, wakaenda zao Kahama na Mwanza. Akabaki yeye na Matiasi, pamoja na sauti yake ya kwaya, ile sauti ya pili, nzito na safi, ambayo parokia nzima iliijua.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na nne, na badala ya Eufrazia kwenda kuiona dunia, dunia ikaja kupita mlangoni kwake. Barabara itokayo Rusumo mpakani kwenda Benaco, ilikowekwa kambi, inapita chini tu ya nyumba yake. Wanyarwanda waliokimbia vita kwao walivuka daraja mchana na usiku, mvua ikiwanyeshea, wakapita hapo kundi baada ya kundi. Bibi kizee mmoja aliacha njia akaingia uani, mtoto mgongoni. Akaomba maji. Akanywa, akajilaza kibarazani, akasema mtoto anaitwa Uwase, basi, hakuamka tena. Matiasi alimzika kando ya shamba la migomba na kumsimikia msalaba wa miti. Mtoto akabaki.

Alikuwa na umri wa miaka kama miwili, na kichwa chake, toba! Chawa walikuwa wanatembea juu ya nywele mchana kweupe. Eufrazia alimketisha mkekani, akamlaza kichwa mapajani, akaanza kumtoa chawa mmoja mmoja kabla ya kumnyoa. Matiasi alipotoka shambani aliwakuta hapohapo alipowaacha. Hakuamini macho yake. Tangu amwoe mwanamke huyu hajawahi kumwona amekaa mahali pamoja muda mrefu hivyo.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana safari yake yote ya Ulaya alilibeba jambo hili moyoni. Walipita watu vijijini wakiandikisha watoto waliopotelewa na wazazi. Walikuwa wanawapiga picha, na picha wanazibandika kwenye mbao kule Benaco ili mzazi aliye hai apate kumtambua mwanawe. Eufrazia aliposikia wanakuja alimpeleka Uwase kwa shangazi yake mwenyewe ng'ambo ya kilima mpaka walipoondoka. Kisha akamfundisha: ukiulizwa mama yako nani, sema Eufrazia. Na kwa kuwa Kihangaza chetu cha Ngara na Kinyarwanda ni lugha za tumbo moja, ulimi wa mtoto haukumsaliti. Majirani walijua, wakanyamaza.

Matiasi peke yake ndiye hakunyamaza. “Mtoto huyu ana watu wake,” alisema.

“Wako wapi? Kama wapo si waje.”

“Watajuaje pa kuja, na wewe umemficha?”

“Kulea mimba si kazi, Matiasi. Kazi ni kulea mwana. Nani amemlea?” Halafu Eufrazia alijitwika kikapu chake cha viazi vitamu na kushuka kwenda sokoni Benaco, akimwacha mumewe na jibu lake mdomoni.

Hivyo ikapita miaka miwili na kitu. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, parokia moja ya huko Uholanzi, iliyokuwa na udugu na parokia yao, ikaalika waimbaji wachache waende kuimba wakati wa Majilio, kabla ya Noeli. Mwalimu wa kwaya alikuwa Juvenali, mtu wa Murusagamba, mkali wa nota na mkali zaidi wa saa. Alipotaja majina, jina la Eufrazia lilikuwa la kwanza. Mwanamke mwingine angesema, nina mtoto mdogo, nipeni udhuru. Eufrazia alisema ndiyo kabla Juvenali hajafunga mdomo, kisha akakosa usingizi hadi siku ya kuondoka. Kwenda alitaka, kubaki na Uwase alitaka, na vyote viwili alivitaka kwa nguvu zake zote.

“Asitoke nyumbani ovyo,” alimwagiza Matiasi. “Na akija mtu wa kuuliza maswali, hujui kitu.”

Matiasi aliendelea kumenya ndizi.

Mji waliofikia unaitwa Utrecht. Mwenyeji wa Eufrazia alikuwa mjane mmoja, Mama Aneke, ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa muuguzi upande wa Usukumani, na Kiswahili alikuwa bado anacho, cha zamani na cha upole, kama nguo iliyohifadhiwa sandukuni. Siku ya kwanza walikuwa mezani, supu iko mbele yao, mara kengele zikaanza kulia. Si kengele moja, rundo la kengele, zinapokezana juu ya mnara. Eufrazia aliweka kijiko chini, akajifunga kanga kiunoni, akaelekea mlangoni.

“Unakwenda wapi?” Mama Aneke akauliza.

“Kwani hujasikia? Kuna msiba. Twende tukaone ni kwa nani.”

Maana kwao Kasulo kengele ya kigango, kanisa dogo la kijiji, ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na ikigongwa saa isiyo ya sala, mtu amekufa au nyumba inaungua. Mama Aneke alicheka mpaka akashika meza. Alimweleza kwamba zile kengele hucheza nyimbo zenyewe kila baada ya robo saa, mchana kutwa, hazimlilii mtu yeyote. Eufrazia alirudi kwenye supu yake, lakini kila robo saa moyo ulimruka. Akili ilikwisha kuelewa, moyo ukakataa kata kata.

Na madirisha je! Watu wa kule wana madirisha makubwa kuliko milango ya kwetu, na jioni wanawasha taa, hawavuti pazia, wanakula mbele ya barabara nzima. Sasa wewe ni mtu uliyelelewa Ngara, utapitaje mbele ya watu wanaokula bila kuwasalimia? Eufrazia hakuweza. Jioni ya kwanza, wakitoka mazoezini, alisimama mbele ya dirisha la kwanza, akainama kidogo, akasema, “Habari za jioni, jamani,” akasubiri wamkaribishe ili naye aseme asante, nimeshiba. Ndani, baba wa watu uma ulimgandia hewani. Mkewe akageuka. Watoto wakashika vinywa.

“Eufrazia!” Juvenali alimvuta mkono. “Unatuaibisha!”

“Aibu ni kupita kama ng'ombe, Mwalimu. Wewe mama yako hakukufundisha?”

Akaenda dirisha la pili, akasalimia. La tatu, akasalimia. Mzee mmoja aliyekaa peke yake na sahani yake alimtazama kwa muda, kisha akainua mkono. Kesho yake mzee yule aliuinua mkono kabla Eufrazia hajafika. Haikupita wiki mtaa mzima ukawa unamngojea, watoto wakigonga kioo kwa ndani akichelewa, na Juvenali, hakuna lililobaki ila kumeza mate.

Aliupenda mji ule, msidhani hakuupenda. Nyumba zake ni za matofali ya kuchoma, nyembamba, ndefu, zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji, na nyingine zinainamia mbele kana kwamba zinataka kusikia unasema nini. Juu kabisa ya baadhi yake imechomoza ndoano. Eufrazia alifikiri ni za kutundikia nyama. Mama Aneke alimwambia ngazi za ndani ni nyembamba mno, kwa hiyo vitanda na makabati huvutwa kwa kamba kutoka nje na kuingizwa dirishani.

“Na mtu akifia huko juu?”

Mama Aneke alifikiri sana. “Hilo sijawahi kuulizwa,” alisema.

Kando ya mifereji, chini ya barabara ambako magari yanapita, kulikuwa na milango mingine, maghala na vyumba vya watu, ukingoni mwa maji. Eufrazia alitaka kushuka kila ngazi, achungulie kila mlango. Na ule mnara wenye kengele, mrefu hata shingo inauma, ulisimama upande huu, na kanisa lake upande ule. Katikati palikuwa uwanja mtupu. Mama Aneke alisema dhoruba iliangusha sehemu ya kati zamani, yapata miaka mia tatu.

“Na mkapaacha hivihivi? Aka! Sisi ukuta wa kigango ukidondoka, Padri hatupi hata wiki. Tunabeba matofali vichwani mpaka usimame.”

Akacheka, Mama Aneke akacheka. Hizo ndizo zilikuwa siku zake nzuri.

Halafu jioni moja Mama Aneke akawasha televisheni apate taarifa ya habari. Eufrazia alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kama kawaida yake. Akaona mvua. Akaona barabara yenye tope jekundu na watu juu yake, watu na watu, mizigo vichwani, watoto migongoni, magodoro yameloa. Alidhani ni picha za zamani, za mwaka ule. Kisha picha ikageuka kidogo na akaona kona yenye mikaratusi, na juu ya kona, kwa kitambo kifupi kabisa, paa la bati lenye kipande kipya alichokigongomea Matiasi.

“Yesu na Maria,” akasema. “Pale ni kwangu.”

Mama Aneke alimtafsiria taratibu. Serikali imesema Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Kambi zinafungwa. Askari wako barabarani, watu wanaelekezwa Rusumo.

“Wote?”

“Wanasema wote.”

Tangu dakika ile Eufrazia hakuwa na raha tena. Uwase ni Mnyarwanda, na kijiji kizima kinajua. Mwenyekiti akipita nyumba kwa nyumba, nani atadanganya kwa ajili yake? Matiasi? Matiasi asiyeweza kumdanganya hata mbuzi! Usingizi ulimpaa. Alimfuata Juvenali na kumtaka amtafutie ndege ya kesho, amwahi mwanawe.

“Ndege ya kesho?” Juvenali akashangaa. “Tiketi zetu ni za pamoja, Mama. Tumebakiza siku chache na tamasha moja. Hofu ya nini? Mtoto si wako wa kumzaa? Wanaondoka Wanyarwanda, hatuondoki sisi.”

Eufrazia hakuthubutu kumweleza. Juvenali alikuwa mtu wa Murusagamba, mambo ya Kasulo hakuyajua, na mdomo wa Juvenali ulikuwa mpana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alirudi kwa Mama Aneke, akamwomba apige simu parokiani Ngara. Walipiga. Simu ililia huko mbali, ikalia, ikakatika. Wakapiga tena kesho yake, na kesho kutwa yake, mambo yakawa yaleyale.

Mama Aneke, kwa huruma, akampeleka Amsterdam kwa treni, kwenye jumba kubwa la picha, atulize moyo kidogo. Atulize! Eufrazia alizipita picha kama mtu anayekimbilia basi. Mabwana wenye kola pana, meli, samaki mezani, malimau yaliyomenywa nusu, vyote alivitupia jicho na kusonga, Mama Aneke akimfuata kwa tabu na magoti yake mabovu. Mpaka walipofika kwenye picha moja ndogo, si kubwa kuliko dirisha la jikoni. Hapo Eufrazia akasimama ghafla.

Ilikuwa ni mama ameketi ndani ya nyumba yake. Mtoto amepiga magoti mbele yake, kichwa kakilaza mapajani, na vidole vya mama viko katikati ya nywele. Nyuma yao mlango umefunguliwa nusu, mwanga wa jua umeingia ukalala sakafuni, na mbwa mdogo anautazama. Basi. Hakuna malaika, hakuna mfalme.

“Chawa!” Eufrazia alipaza sauti, na mlinzi wa jumba akageuka. “Mama Aneke! Anamtoa chawa! Hata ninyi?”

“Hata sisi. Wengi sana.”

“Lo!” Alisogea hadi mlinzi akakohoa. Aliutazama ule mwanga sakafuni, akautazama mkono wa mama ulivyokunjwa, mkono wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Alifurahi, kweli alifurahi. Alitaka kumwita mtu aje aone. Na mtu aliyetaka kumwita alikuwa Uwase, naye Uwase yuko wapi saa hizi? Alirudi nyuma mpaka kwenye benchi, akaketi.

“Huyu mtoto ni wake?” aliuliza.

“Nani?”

“Huyo wa kwenye picha. Ni wa kumzaa?”

“Sijui,” Mama Aneke alisema. “Mchoraji hakusema.”

Ndipo Eufrazia akayatoa yote. Bibi kizee, kibaraza, chawa, watu wa kupiga picha, shangazi ng'ambo ya kilima. Alisema kwa sauti ya chini, akiitazama picha na si mtu. Na alipofika kwenye soko la Benaco sauti ikapungua zaidi. Pale sokoni, alisema, walikuwepo wanawake wanaozunguka kutoka kwa muuzaji hata kwa muuzaji. Hawanunui. Wanauliza: hamjamwona mtoto wa hivi, hamjamsikia mtoto wa vile? Kila siku walikuwepo.

“Ulikuwa unawajibu nini?”

“Nilikuwa nafunga kikapu, nahamia upande mwingine wa soko. Nikiona mmoja anaelekea kwangu, nimeshasimama.” Alijifuta uso kwa pindo la kanga. “Watu wanasema mimi siwezi kukaa. Ni kweli siwezi. Lakini pale Benaco nilikuwa nakimbia, Mama Aneke. Nilimpenda mno yule mtoto. Nampenda mno.”

Mama Aneke hakumhukumu wala hakumpamba. Alisema, “Pole,” akabaki amekaa naye hapo, mpaka mlinzi alipowaambia jumba linafungwa.

Tamasha lilikuwa katika kanisa kubwa la kale, kinanda chake kimejaa ukuta mzima, mabomba marefu kuliko migomba. Mpigaji alipoanza, sauti haikupitia masikioni. Ilipanda kutoka kwenye mbao za benchi, ikaingia mifupani. Eufrazia alisisimka mwili mzima. Siku nyingine angesikiliza mpaka kesho, angeomba hata kuonyeshwa upepo unaingilia wapi. Siku ile kila bomba lilimwambia, nenda, nenda, nenda.

Zamu yao ilipofika, Juvenali akainua mikono taratibu, kama walivyofanya mazoezi. Sauti ya kwanza ikaanza taratibu. Sauti ya pili ikaingia mbio. Juvenali alimkazia macho, akamshusha kwa kiganja, wapi! Eufrazia alikuwa ameshika njia ya nyumbani na wimbo wenyewe, akaukokota, mpiga ngoma akamfuata kwa kuwa sauti nzito ndiyo humwongoza, wengine wakakimbilia wasiachwe, na mpiga kinanda wa watu, jasho linamtoka, akawafukuzia kwa mikono na miguu. Walimaliza mapema mno, wanahema. Kanisa zima lilisimama kupiga makofi. Wazungu walidhani ndivyo tunavyoimba! Juvenali alipinda mgongo kuwashukuru, huku akimwambia Eufrazia kwa pembe ya mdomo, “Tutaonana.”

Asubuhi ya kuondoka aliupita ule mtaa na sanduku lake bila kusalimia dirisha hata moja. Yule mzee aliinua mkono wake, ukabaki juu.

Ndege, gari, kivuko cha Busisi, basi la Biharamulo. Njia nzima alisimama penye nafasi ya kukaa. Pale Nyakanazi walipongoja gari la kuwapeleka mbele, Juvenali na wenzake waliagiza wali kwa mama mmoja wa kibandani. Eufrazia hakuagiza. Alimuuliza yule mama habari za Benaco.

“Benaco gani tena, dada? Imekwisha. Wale watu walihama kama nzige. Kwanza walikimbilia huku kwetu porini, wakarudishwa, wote Rusumo. Hata wa kununua nyanya hakuna.”

“Na watoto?”

“Watoto si wamefuata wakubwa.”

Alipata lori la maharage lililokuwa linaelekea Ngara, akawaacha wenzake na sahani zao. Walipofika Benaco dereva alipunguza mwendo mwenyewe, bila kuombwa. Vilima vilivyokuwa vimefunikwa maturubai vilikuwa uchi. Yalibaki mafiga, vijiti vya vibanda vilivyosimama bila kitu juu yake, na kunguru. Pale lilipokuwa soko palikuwa tope tupu. Eufrazia alishuka penye kona ya mikaratusi, akapanda kilima sanduku kichwani, akiita kabla hajafika.

“Uwase! Uwase we!”

Matiasi ndiye aliyetoka. Alimpokea sanduku, akaliweka chini, akavuta kigoda.

“Kaa kwanza, mke wangu.”

“Sikai. Yuko wapi? Nani amemchukua? Mwenyekiti? Askari?”

“Hakuna mwenyekiti wala askari,” Matiasi alisema. “Amechukuliwa na mama yake.”

Basi akamsimulia, Eufrazia kasimama, mikono kifuani. Watu walipita siku kadhaa, mvua haikukoma. Matiasi alimweka mtoto ndani kama alivyoagizwa. Lakini watu wanaomba maji, utawanyimaje maji? Akatoa mtungi kibarazani, na mara Uwase naye yuko nje, anagawa kwa kata, unajua alivyo mwepesi. Akaja mwanamke, jina lake Iradukunda. Aliipokea kata, akamtazama mtoto, na maji yakammwagikia. Akamuuliza jina. Mtoto akasema Uwase. Akamuuliza, mama yako nani?

“Akasemaje?” Eufrazia aliuliza, ingawa alijua.

“Alisema Eufrazia. Na yule mwanamke aliamini. Alisema samahani, mtoto, umefanana na mama yangu tu. Akajitwika mzigo, akarudi barabarani.”

“Alikuwa ameondoka?”

“Ameondoka kabisa. Ameshakanyaga lami.”

“Na wewe ukamwita.”

“Nilimkimbilia nikamwita.”

“Kwa nini, Matiasi?” Sauti ilimpasuka. “Ungenyamaza tu! Kunyamaza kungekugharimu nini?”

Matiasi hakupandisha sauti, hakuwa na desturi hiyo. “Mama yake, yule bibi, nilimzika mimi kwa mikono yangu,” alisema. “Nimzike mtu, halafu nimwibie mjukuu? Siwezi, Eufrazia. Nilimpeleka kwanza kaburini. Alipiga magoti pale kwenye matope, akalia, akanishika miguu kunishukuru. Mimi, mtu niliyekaa na mwanawe miaka yote hiyo! Walipotezana darajani, anasema, kwenye msongamano. Alidhani wamekufa wote wawili, mama yake na mtoto, lakini hakuacha kutafuta.”

“Alitafutia wapi?”

Matiasi aliinama, akakisogeza kigoda.

“Matiasi. Alikuwa wapi huyo mwanamke muda wote huo?”

“Benaco,” alisema. “Karibu na soko.”

Upepo ulitikisa migomba, na barabara chini ilikuwa kimya. Eufrazia alijifunga kanga upya. Akauliza kama mtoto alilia. Matiasi alisema alilia sana, aliita mama, mama, na haikujulikana anamwita yupi. Alilia mpaka kwenye kona.

“Aliniuliza habari zako,” Matiasi aliendelea. “Nikamwambia mke wangu ni mwimbaji, pia anauza viazi. Akauliza mweupe, mwembamba, ana kikapu chenye utepe mwekundu? Nikasema ndiye. Akasema anakujua. Alisema, yule mama wa viazi asiyekaa. Anasema wanawake wote wa soko alishawauliza habari za mwanawe, umebaki wewe tu. Kila akikusogelea, umeshaondoka.”

Hapo Eufrazia aliitazama barabara kule chini. Machozi yalikuja bila kwikwi, yakateremka yenyewe hadi shingoni, naye hakuyafuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, akiusema kama watu wanavyosema. Sasa alimwona mwanamke mwenye sura asiyoikumbuka anakatiza katikati ya mafungu ya nyanya, anakuja, anakuja, naye anafunga kikapu.

“Kwao ni wapi?” aliuliza baadaye.

“Si mbali na daraja. Alinielekeza. Alisema ukirudi uende.”

“Alisema niende?”

“Alisema uende. Kwa sababu gani, hakusema.”

Eufrazia alilifungua sanduku palepale uani, akaanza kutoa vitu, gauni la mtoto, soksi za sufu, akavikunja upya na kuvifunga kwenye kitambaa. Fundo likamshinda, Matiasi akamfungia.

“Kesho basi, leo umechoka,” alisema Matiasi. “Twende wote. Lakini ukifika utamwambia nini?”

“Sijui,” Eufrazia alisema. “Nitakaa chini, aniulize.”